Chumba Kilichoanzia Mlangoni

Goti jipya halikuwa na shida. Hilo kila mtu alilikubali: daktari aliyempasua, dada wa mazoezi ya viungo aliyemkunja na kumnyoosha mpaka jasho likamtoka, hata majirani waliomwona akitembea mpaka dukani bila mkongojo. Goti lilikunjika, lilinyooka, lilipanda ngazi. Aliyebaki nyuma ni mwenyewe.

Watu walimwita Pima kwa sababu ya kifaa chake cha pima maji, ambacho hakuruhusu mtu mwingine akiguse. Alikuwa fundi wa vigae. Maisha yake ya kazi aliyamaliza akiwa amepiga magoti kwenye sakafu za watu, na goti la kulia likalika kama soli ya kiatu, mpaka wakaliondoa na kumwekea la chuma na plastiki. Alijiandaa kwa maumivu. Maumivu yalikuja, yakakaa, yakaondoka. Kilichofuata hakuna aliyemweleza vizuri, au walimweleza na hakusikiliza. Ulikuwa uchovu.

Si usingizi. Usingizi aliujua, unalala unaisha. Huu ulikuwa kama pipa lililotoboka chini, unajaza huku na linavuja kule. Aliamka akiwa tayari amechoka. Alipiga mswaki akiwa amekaa, akaoga akiwa amekaa, na alipovaa suruali alipumzika kati ya mguu mmoja na wa pili.

"Mwili wako unajenga huko ndani," dada wa mazoezi alimwambia. "Nguvu zimekwenda huko. Usishindane nao, baba. Pumzika kabla hujachoka, usisubiri uchoke."

Pima aliitikia kwa kichwa. Kwa hesabu yake, kupumzika kabla ya kuchoka kulimaanisha asiamke kabisa.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapacha ingawa mapacha wenyewe walishahama na wana watoto wao, alipanga viti nyumba nzima: mlango wa jikoni, katikati ya korido, nje ya bafu. Pima alikwenda kutoka kiti mpaka kiti. Mdogo wake Mama Mapacha alipokuja kumjulia hali alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada, hapa kuna harusi au kuna kikao? Mbona viti vimejaa na wageni siwaoni?"

"Kaa na wewe unyamaze."

"Nikae wapi? Nisije nikakalia kituo cha shemeji, akapitiliza."

Huyo ndiye Kelele. Alikuwa shemeji yake Pima na pia mwenzake wa kazi. Pima alipanga vigae, Kelele alikoroga gundi, alikata, alibeba na kuongea. Pima alijua kwamba maneno yale yanachekesha. Alijua kama mtu anavyojua chai ina sukari kwa kuwa ameiona ikitiwa. Pembeni ya kovu lake palikuwa na ngozi ambayo haikuhisi kitu, ukiigusa ni kama umegusa ngozi ya mtu mwingine. Siku nyingine aliona kwamba ngozi ile imepanuka mpaka imemfunika mzima.

Kilichomsumbua, kama kulikuwa na kinachomsumbua, ni duka. Mwenye duka walikonunua vigae miaka yote alitaka mtu wa kukaa na kuwashauri wateja, na alimpigia simu Mama Mapacha badala ya kumpigia Pima mwenyewe. Alitaka jibu wiki hiyohiyo.

"Ni kazi ya kukaa," Mama Mapacha alisema. "Kuna kivuli, kuna feni, kuna chai."

"Mimi ni fundi."

"Nani amesema wewe si fundi?"

"Anayeuza vigae si fundi. Ni muuzaji."

Mama Mapacha alikunja nguo aliyokuwa ameishika, akaikunjua, akaikunja tena. Hakuwa mtu wa kugombana. "Haya. Kuna chumba cha yule mwalimu, kile kidogo cha mama yake. Kipange vigae peke yako. Kelele atakubebea na kukukorogea, basi. Ukikimaliza, ukarudi hapa ukala ukiwa macho, nitampigia mwenye duka nimwambie hapana. Ukishindwa, nitamwambia ndiyo, na wewe usininunie."

"Sawa."

"Sawa ya kweli?"

"Sawa, Mama Mapacha."

Chumba chenyewe kilikuwa kitupu, kuta zimepakwa rangi, mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo. Kelele aliingiza maboksi akayapanga katikati, akakoroga ndoo ya gundi, akaweka kigoda kidogo karibu na mlango ili Pima asipige goti.

"Bosi, ofisi yako hiyo. Nikuachie na kengele?"

"Niachie nafasi."

"Naondoka. Naenda kukata vya pembeni kule nje. Ukinihitaji piga ukelele, mimi nasikia. Tatizo langu ni kunyamaza, masikio hayana tatizo."

Chumba cha vigae kina utaratibu wake, na Pima ndiye aliyemfundisha Kelele. Kigae cha kwanza unakiweka mlangoni kikiwa kikavu, bila gundi, uone kama mstari utapendeza machoni mwa anayeingia. Ukiridhika unapiga mistari ya chaki, unakiinua kile kigae, unakwenda nacho ukuta wa mbali. Huko ndiko kazi inakoanzia. Unarudi kinyumenyume, pembe moja mpaka nyingine, ukimalizia mlangoni, ukitoka. Hakuna anayekosea hapo. Hata anayejifunza hukosea mara moja tu, watu wakamcheka, ikaisha.

Pima aliweka kigae cha kwanza mlangoni. Kilikaa vizuri. Alipiga mistari. Kisha akakaa kwenye kigoda apumzike kabla hajachoka, kama alivyoambiwa, na akatazama ndoo ya gundi iliyokuwa hapohapo karibu na mkono, na kigae kilichokuwa hapohapo mguuni. Ukuta wa mbali ulionekana mbali kweli.

Alikiinua kigae. Akapaka gundi chini yake kwa mwiko wa meno. Akakirudisha palepale.

Kuanzia hapo mikono ilifanya yenyewe. Paka, bandika, gonga kwa nyundo ya mpira, weka vijisalaba vya plastiki vya kutenganisha, soma pima maji, sogeza. Alisogeza kigoda nyuma, akavuta ndoo nyuma, akasukuma boksi nyuma. Mguu wa kulia aliunyoosha pembeni kama kitu alichokabidhiwa akitunze. Sakafu ilikuwa sawa. Mistari ilikuwa sawa. Ndani yake hakukuwa na furaha wala wasiwasi, palikuwa na mlio wa nyundo tu. Aliwaza kwamba labda hivi ndivyo kupona kulivyo, na kama ndivyo, basi sawa.

Kisha mgongo wake ukagusa ukuta.

Aligeuka akaona pembe. Akageuka tena akaona chumba kizima mbele yake kimetandazwa, kinang'aa, kibichi, na mlango uko upande wa pili. Ukikanyaga kigae kibichi kinazama, kinasogea, kinaharibu na majirani zake. Kwenye dirisha kulikuwa na nondo. Yeye alikuwa kwenye kipande cha saruji ambacho kingetosha kuku wawili.

Alisubiri ashtuke. Hakushtuka. Alijaribu kusimama kwa kujisukuma ukutani, akashindwa, akarudi chini. Angeweza kumwita Kelele. Hakumwita. Hakuwa na aibu ya kutosha kumzuia. Sauti ya kuita ilikuwa mbali, kama vitu vyote. Akaegemeza kichwa pembeni, akafumba macho.

Kelele ndiye aliyemkuta, kupitia dirishani, akiwa amekuja kuulizia vipimo vya pembe.

"Shemeji, huku kwenye... we!" Alishika nondo kwa mikono miwili. "We shemeji! Umejipanga na wewe? Umejihesabu kigae?"

Pima alifumbua macho.

"Mimi siku ile nilipofanya hivi ulinitangaza mtaa mzima! Ulisema nimejizika! Subiri nipige picha. Subiri, usitoke..." Alicheka mpaka akainama, akapotea dirishani, akarudi akifuta machozi. "Usitoke! Namwambia asitoke! Atatoka wapi?"

Pima alimtazama tu.

Kicheko cha Kelele kilikatika taratibu. Akamwangalia vizuri, rangi ya uso wake, mikono iliyolala mapajani viganja juu.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Umeanguka?"

"Hapana. Niko hapa tu."

"Muda gani?"

"Sijui."

Kelele aliachia nondo. Alizunguka, akafika mlangoni, akavua viatu. Akapima kwa macho mstari mfupi zaidi kutoka mlangoni mpaka kwenye pembe, akaanza kung'oa. Alichomeka mwiko chini ya kigae, akakinyanyua, akakiweka nje, akakwangua gundi, akasogea mbele. Vya mlangoni vilikuwa vimeanza kushika na vilitoka kwa shida. Kimoja kilivunjika na Kelele akasema samahani, kama vile amemkanyaga mtu. Alifungua njia ya upana wa kigae kimoja katikati ya kazi nzuri. Alipofika aliinama, akapitisha mkono wa shemeji yake shingoni mwake.

"Utatembea kwa goti, au nikubebe?"

"Goti halina shida," Pima alisema.

Wakatoka taratibu, Kelele mbele na Pima nyuma amemshika bega, mguu mmoja mbele ya mwingine kama watu wanaovuka mfereji juu ya ubao. Nje, Kelele alimkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akampa maji, naye akachuchumaa mbele yake.

"Sasa sikiliza," alisema, kwa sauti ndogo ambayo Pima hakujua kama anayo. "Njia ile naijaza mimi sasa hivi, haichukui muda. Sakafu yako ni safi, hakuna mtu atakayeona kitu. Nakupeleka nyumbani, unakaa mezani, unakula. Dada hana haja ya kujua. Nakufa na siri yangu."

"Wewe?"

"Mimi! Nitajitahidi."

Pima alifikiria. Aliona jinsi itakavyokuwa. Kesho chumba kingine, na baada ya hapo kingine, na kila jioni kukaa wima mezani akitafuna. Uongo huo ungetaka kulishwa kila siku, na yeye alikuwa hana cha kuulisha.

"Jaza njia," alisema. "Lakini ni wewe uliyemaliza. Sema hivyohivyo."

"Shemeji, ukisema hivyo dada anampigia yule wa duka leo."

"Najua."

"Huoni uchungu?"

Pima alijitafuta, kwa utaratibu, kama anavyotafuta mwinuko kwenye sakafu kwa kiganja. "Labda utakuja," alisema.

Mama Mapacha alikuwa ameshatenga chakula walipofika. Alimtazama mumewe akiingia ameshikwa mkono, akamtazama mdogo wake aliyemshika.

"Umemaliza?"

"Nilianzia mlangoni."

Alikuwa mke wa fundi kwa miaka mingi, hakuhitaji maelezo. Mdomo wake ulicheza kidogo kuelekea kwenye kicheko, ukaghairi.

"Kelele amenitoa," Pima aliendelea. "Kazi amemaliza yeye." Akashika mgongo wa kiti cha karibu lakini hakukaa. "Mama Mapacha, mimi sijapona."

Hakuwa amewahi kulisema hilo kwa mtu yeyote. Alikuwa amesema goti linaendelea vizuri, dawa zinaendelea vizuri, mazoezi yanaendelea vizuri.

"Basi keti," Mama Mapacha alisema.

Alikaa. Akala vijiko vichache, kisha akasukuma sahani. "Mwambie nitakwenda asubuhi tu. Mchana nirudi nilale. Na mwambie sijaacha kazi ya ufundi. Kama nitairudia au sitairudia, sijui. Asiniulize."

"Nimwambie leo?"

"Leo. Kesho naweza kubadilisha mawazo, na kubadilisha kunachosha."

Kelele alicheka, akajizuia, akamtazama dada yake kuona kama inaruhusiwa.

Mama Mapacha alichukua simu akaenda kusimama kwenye korido. Pima alijinyoosha kwenye kochi, mguu wa kulia juu ya mto. Alimsikia akisalimia, akiuliza habari za nyumbani, kama inavyotakiwa, bila haraka.

"Ndiyo, atakuja," alisema. "Asubuhi tu. Hapana, ni fundi, huyu ni fundi, mimi sikuletei muuzaji. Ila kwa sasa amechoka."

Pima alisubiri neno hilo limchome. Lilipita juu yake, likaenda zake. Chumba kilikuwa na joto, Kelele alikuwa anakwangua gundi kwenye kucha zake akijizuia kuongea, na Pima akalala kabla simu haijakatwa.