Viatu vya Mwenyekiti

Mtaani walimwita Itifaki, kwa sababu hakuwahi kufungua kinywa bila kutangaza kwamba itifaki imezingatiwa, hata alipokuwa anaagiza chai. Kwa hiyo watu wa makumbusho walipokuja kuomba wakazi wasaidie kurekodi lango la kale kwa simu zao, kabla mvua hazijalimaliza, hakuna aliyeshangaa kumwona ameshakalia kiti cha mwenyekiti wa kamati. Dada yake, fundi cherehani ambaye wateja walimbandika jina la Sindano, naye hakushangaa. Kilichomshangaza ni azimio la kwanza la kamati: fundi viatu aondoke langoni.

Fundi viatu huyo alikuwa mumewe. Alikaa ndani ya lango lenyewe, kwenye uwazi ukutani walimokuwa wakikaa walinzi wa zamani, na hapo ndipo Sindano alipompelekea sandali iliyokatika mkanda enzi za usichana wake. Aliishona taratibu kupita kiasi, na mwenye sandali wala hakulalamika. Sasa kamati ilitaka ahamie nyuma ya vyoo vya soko. Kule hapiti mtu ila mwenye haraka, na mwenye haraka hang'arishi viatu. Sindano aliumia, tena sana. Alimjua mumewe: ukimtoa mbele za watu, atanyauka.

"Si kwamba namchukia shemeji," Itifaki alimwambia. "Lakini lango hili litatazamwa dunia nzima. Waone kiti kibovu na kopo la gundi? Aibu itakuwa ya ukoo wetu, mdogo wangu."

Kisha akapanda jukwaani mbele ya wakazi, akakohoa, na kupitisha azimio la pili: lango litunzwe vilevile litakavyoonekana kwenye rekodi, kisiongezwe kitu, kisiondolewe kitu. Mikono yote ikapanda, wa Sindano ukiwemo, maana hilo aliliona la maana.

Mafunzo yalifanyika ukumbini. Itifaki aliyafungua kwa hotuba ndefu, simu yake ikaita, akatoka na hakurudi. Ikawa hasara yake. Mtaalamu wa makumbusho, mama mmoja mpole, aliwaelekeza walizunguke lango wakipiga picha kutoka kila upande, juu na chini.

"Kompyuta inazilinganisha picha zenu zote," alisema. "Kilichotulia mahali pamoja inakijenga. Kinachohamahama haikishiki, inakiacha."

"Na mtu je?" Sindano akauliza.

"Akitulia kama jiwe, kwa kompyuta ni jiwe tu."

Sindano akatabasamu. Kaka yake angeliona tabasamu lile, angeahirisha shughuli nzima.

Siku ya kurekodi ilipofika, Itifaki alikuja langoni amevaa kandambili, mkononi ameshika viatu vyake vya jukwaani, vile vya rangi mbili, kahawia na nyeupe, ambavyo mtaa mzima uliviona kabla ya kumwona yeye. Soli ya kimoja ilikuwa imeachama.

"Shemeji, nishonee hivi kabla hujahama," alisema. "Ukimaliza tu, funga virago."

Fundi akaviweka juu ya kijimeza chake. Sindano akamwinamia mumewe sikioni.

"Inua nyundo. Usitikisike mpaka nikwambie."

"Na chafya ikinijia?"

"Imeze."

Halafu akamgeukia kaka yake na kumvika kilemba cha ukoka. "Mwenyekiti hakai mahali pamoja, kaka. Watu wakuone kila kona, unasimamia."

Itifaki hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikwenda huku, akarudi kule, akanyoosha kidole kwenye mawe, akajitokeza mbele ya kila simu kifua mbele, kandambili zikimpigia makofi. Upande wa ndani ulipigwa picha na kundi la Sindano. Mtaalamu alipomwona fundi ameganda na nyundo hewani, macho yamemtoka, aliuliza kama naye arekodiwe.

"Huyu ni wa hapa," wakajibu wenzake Sindano, hata kabla yeye hajasema.

"Basi sawa. Ninyi ndio wenye lango."

Siku ya kuonyesha matokeo, viatu vikiwa bado havijashonwa na fundi bado hajahama, ukumbi ulifurika. Lango likatokea ukutani, jiwe kwa jiwe, mtaalamu akalizungusha polepole, watu wakaguna kwa raha. Alipoingia upande wa ndani, fundi viatu akajitokeza na kiti chake kibovu, kopo lake la gundi, nyundo juu, sura ya mtu anayepigana na chafya. Kicheko kilichopasuka kilimfanya fundi mwenyewe aangalie chini kwa haya.

Itifaki alikuwa anajitafuta. "Mimi niko wapi?"

"Ulitembea sana, Mwenyekiti," mtaalamu akasema kwa upole. "Labda ni kile kiwingu pale kwenye nguzo."

"Lakini viatu vyake vimo," akasema muuza nyama, akionyesha kijimeza. Kweli vilikuwemo, vya rangi mbili, kimoja kimeachama.

Itifaki alimnyooshea kidole fundi wa ukutani. "Afutwe huyo," alisema. "Afutwe, na kesho ahame."

Sindano akasimama. "Itifaki izingatiwe, Mwenyekiti. Azimio ni lako mwenyewe. Lango litunzwe kama lilivyo kwenye rekodi. Kisiongezwe kitu, kisiondolewe kitu."

Mtaalamu akauliza wakazi wanasemaje. Mikono ikapanda ukumbi mzima, na fundi alipouona msitu ule wa mikono, machozi yakamlengalenga.

Siku ya pili Itifaki alifika langoni na kandambili zake, amenuna. Sindano alikuwa amemletea mumewe chakula.

"Nipe viatu vyangu, shemeji. Nina mkutano."

Fundi alikuwa ameshavishona, vinang'aa juu ya kijimeza. Alivitazama, akamtazama mkewe, akakuna kidevu.

"Vingekuwa viatu tu, ningekupa," alisema. "Sasa ni sehemu ya lango. Nikiviondoa, kamati itanifukuza."

Itifaki alimtazama dada yake usoni, akakuta hana dalili ya huruma. Mwishowe akajishusha juu ya jiwe kando ya kijimeza, akavuta viatu, akavivaa palepale bila kuvitoa langoni. Muuza nyama akapita na kumwamkia. Mwalimu akapita, naye akamwamkia. Kila aliyepita langoni alimwona mwenyekiti, na Sindano aliona uso wa kaka yake ukianza kulegea. Akatoa simu yake.

"Basi kaka, tulia hapohapo," alisema.

Safari hii alitulia.