Landrova ya Faradji Juu ya Magogo

Ijumaa ile Faradji aliamka mapema kwenda kusali alfajiri. Landrova yake aliiacha uani juu ya magogo, magurudumu yamelazwa kando, spana juu ya boneti, kama mtu atakayerudi kabla chai haijapoa. Alirudi amebebwa. Moyo ulikuwa umesimama akiwa kwenye safu. Jua lilipopanda ua ulijaa watu, viti havikutosha, na wazee wawili waliomcheka siku aliponunua gari lile walimlilia wakiwa wamekalia magurudumu yake.

Walikuwa na haki ya kucheka. Gari alilikuta Lusangi, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. "Faradji amenunua banda la kuku," walisema, "sasa atafute jogoo." Yeye alicheka nao, kisha akaenda kutafuta bati. Hakuwa fundi; alikuwa muuza chumvi na sabuni. Lakini mikono yake haikujua kushindwa. Sakafu iliyooza aliifanya upya kwa bati la pipa, akaipiga nyundo hadi ikalala kama mkeka. Raba za springi zilipokosekana Kasongo nzima, alichonga bushi za mti mgumu, akazichemsha kwenye mawese zisipasuke. Mkewe Mwamvita ndiye aliyekoka moto. Alikumbuka zilivyotoka sufuriani, nyekundu, zinang'aa, mumewe akizigeuza mkononi kama mtu anayechagua tende za futari.

Faradji alitaka jambo moja: gari lifike Wamaza, kwa ndugu wa mkewe, ambako mpunga uliharibika ghalani kwa sababu pikipiki haibebi mzigo wa maana. Na usukani angeushika binti yao Chadia, ambaye Faradji mwenyewe alimfundisha kwa gari la kuazima.

Mwamvita aliingia eda. Hakutoka nyumbani, wala hakukaa na wanaume wageni. Dirisha la chumba chake lilitazama uani, limefunikwa kitenge, na nyuma ya kitenge hicho alisikia kila kitu.

Arobaini ilipopita, Djafari, mdogo wake Faradji, alikuja kusema gari limalizwe. Chadia akauliza kama waite fundi.

"Fundi gani?"

"Bisimwa, mwenye garaji karibu na soko."

"Yule wa Bukavu?" Djafari aliguna. "Weye Chadia, maiti ya baba yako ilioshwa na nani?"

"Na ninyi, baba mudogo."

"Tulitafuta mutu wa kutuoshea?"

"Hapana."

"Basi na gari lake tutalimaliza sisi."

Nyuma ya kitenge, maneno yale yalimwingia Mwamvita vizuri. Alitaka ile Landrova itoke uani ikiwa na mikono ya Faradji ndani yake, si mikono ya mtu mwingine. Na wale wawili walifanya kazi ya kupendeza. Chadia alisugua kutu kwa mchanga hadi chuma kikawa cheupe, akapaka rangi ya kijani. Djafari alishona viti kwa turubai, akitukana sindano. Mwamvita alisikiliza, akawaombea.

Kisha wakafika kwenye breki. Mafuta ya breki hayakuwapo sokoni, Djafari akatia ya moteri, yale ya injini. "Mafuta ni mafuta," alisema. Pedali ikawa ngumu vizuri, akafurahi.

Siku chache baadaye Chadia alifunga gurudumu mahali pake, akalizungusha kwa mkono. Mwamvita akaacha kuvuta tasbihi. Faradji alikuwa akizungusha gurudumu na kuliacha liende, akamaliza habari yake yote nalo bado linazunguka. Hili lililia mara moja, likasimama.

"Chadia, zungusha tena."

Likalia, likasimama.

"Shemeji, linazoea tu," Djafari alisema.

Mwamvita aliuona moyoni mteremko wa kushukia mto Luama, njia ya Wamaza, utelezi wake, Chadia kwenye usukani na wanawake wa Wamaza juu ya magunia. Mmoja alikwisha kumzika.

"Mwiteni Bisimwa."

"Shemeji, si tulisema maiti..."

"Maiti huoshwa na ndugu, nakubali. Lakini maiti haibebi watu."

Bisimwa alikuja. Alisimama mbali na dirisha, akatoa pole yake akikielekea kitenge, akaenda kufungua gurudumu.

"Baba, ulitia mafuta ya moteri humu?"

Djafari aliinama kutazama, Bisimwa akamwonyesha.

"Raba za breki zimevimba kama mukate kwenye chai."

"Zilikuwa za zamani," Djafari alisema. "Hata mukate wenyewe ulikuwa wa jana."

Chadia akacheka. Mwamvita hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu msiba.

Baadaye Bisimwa aliingia chini ya gari, akapapasa springi moja moja.

"Bushi hizi nani alichonga?"

"Baba," Chadia alisema.

"Nimefanya kazi Bukavu, nimefanya kwenye machimbo. Sijaona mti unakaa hivi ndani ya chuma. Hata ukucha haupiti." Akatoka chini, akajifuta mikono. "Nitazitoa."

"Fundi," Mwamvita aliita kutoka ndani. "Unasifu kitu, halafu unakitoa?"

"Ndiyo, mama. Aliyechonga hizi alitaka gari lifike. Kufika, zitafika. Kurudi, siwezi kukuahidi."

Mwamvita alishika ukingo wa dirisha.

"Na sakafu?"

"Sakafu siigusi. Ile imenishinda mimi."

"Basi toa bushi. Zote. Unipatie hapa."

Chadia alizipitisha chini ya kitenge, moja moja. Zilikuwa nyeusi kwa vumbi, lakini Mwamvita alipozisugua kwa kanga, wekundu ulirudi, na harufu ya mawese nayo ilikuwamo bado. Aliziweka rafuni, karibu na chumvi. Nje, Djafari alikuwa akimshikia Bisimwa spana na kumuuliza kila kitu kinaitwaje.

Eda imekwisha. Landrova huenda Wamaza kila Jumatano, mvua isipokata barabara, na Chadia ndiye anayeendesha. Rangi na viti ni kazi ya Djafari. Breki na springi ni za Bisimwa, na gari haliondoki kabla yeye hajaliinua kwa jeki na kuzungusha magurudumu yote manne, Mwamvita akiwa amesimama hapo anasikiliza.