Maboksi Yaliyonyolewa

Siku Mama Vifungo alipoambiwa akapumzike, alikuwa juu ya ngazi na mdomo umejaa pini, kwa hiyo hakujibu. Bosi Mdogo akadhani amekubali. Kosa hilohilo aliwahi kulifanya marehemu mume wa mama huyo, akalijutia mpaka anaingia kaburini.

Duka lilikuwa la vifaa vya ushonaji: zipu, lastiki, uzi, na vifungo juu ya vifungo. Nyuma kulikuwa na stoo yenye maboksi mia tatu na kumi na mawili, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Mama Vifungo tangu enzi za Bosi Mkubwa. Sasa mzee kafariki, mwana karithi, na mwana kaleta kompyuta.

"Mfumo ukikamilika mwisho wa mwezi," alisema Bosi Mdogo, "mama yetu unatukabidhi ufunguo, unakwenda zako kulea wajukuu."

Wajukuu wenyewe walikuwa na ndevu.

Kilichomchoma zaidi ni mtu aliyeitwa kuubuni huo mfumo. Alikuwa mkwewe, mume wa binti yake, mwanamume mpole ambaye mbele ya mama mkwe hata kukohoa alikohoa kwa adabu. Kazi aliikubali kwa simu, hakuuliza ni ya duka gani. Alipofika akamkuta mama mkwe mlangoni, miguu ilitaka kurudi nyumbani bila yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kunizika, au leo unapima kaburi tu?"

"Mama jamani. Nimekuja kuorodhesha vitu."

"Orodhesha. Macho hayana pazia."

Akaorodhesha wiki mbili. Kila boksi lilikuwa na uzi unaoning'inia mbele, mwisho wake umefungwa kifungo au kipande cha mfano, na katikati mafundo. Mengine uzi wake mwekundu, mengine mweupe, na baadhi una kitanzi mwishoni. Mkwe aliona ni mapambo ya kizee, hakuuliza. Mama Vifungo naye hakusema. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na yeye hakuajiriwa kuwa mwalimu.

Jumapili, duka limefungwa, mkwe aliazima ufunguo kwa mama mkwe, akaja kubandika lebo za kusomwa na mashine. Nyuzi zikamsumbua. Akachukua mkasi akazikata zote, akazisokomeza kwenye mfuko wa taka, akarudisha ufunguo, akaenda nyumbani akala akashiba.

Jumatatu Mama Vifungo alifungua stoo akakuta maboksi yamenyolewa vipara, yote.

Alisimama. Kisha akaketi. Moyo ulimpiga kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua: kichwani hakuwa na kitu. Watu walidhani ana akili ya ajabu. Akili yote alikuwa ameitundika kwenye nyuzi, ili kichwa kibaki na nafasi ya umbea. Bila nyuzi, yeye na mashine walikuwa mabubu wawili. Akatoka mlango wa nyuma, akauwahi mfuko kabla ya gari la taka, akauzamisha ndani ya kikapu chake na kuufunika kwa sweta.

"Mama, umeona palivyong'aa?" mkwe alimuuliza saa nne.

"Hata maiti huoshwa, baba."

Siku hiyohiyo mashine ikatoa karatasi yake ya kwanza ya kuagiza bidhaa. Mkwe alikuwa ameipa sheria moja kwa vitu vyote: zikibaki pakiti kumi, agiza. Karatasi ikataka viletwe vifungo vya pembe, ambavyo mnunuzi wake wa mwisho alistaafu kabla paka wa duka hajazaliwa. Vifungo vyeupe vya mashati zilikuwepo pakiti kumi na mbili. Mashine ikasema vinatosha.

"Vinatosha?" aliuliza Bosi Mdogo.

"Vinatosha," alisema mkwe.

Mama Vifungo akakoroga chai yake, ingawa sukari ilishayeyuka zamani.

Alhamisi akaingia fundi wa sare za shule. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki inayofuata, naye alitaka pakiti arobaini za vyeupe. Akaambiwa kumi na mbili.

"Miaka kumi na tisa nachukulia hapa," alisema. "Huyu mama hujua haja yangu kabla mke wangu hajaijua. Mmemfanya nini?" Hakungoja jibu. Wakamwona kupitia dirisha akivuka barabara kwenda duka la pili.

Bosi Mdogo akaja stoo, mkwe nyuma yake.

"Mama, ulijua hili."

"Mimi nimepumzishwa, mwanangu. Aliyepumzika hajui kitu. Zilizojua ni nyuzi."

Akaumwaga mfuko mezani. "Haya, someni."

Wakainama juu ya lundo saa nzima kama kuku kwenye jalala. Bosi akahesabu mafundo, akachanganya, akaanza upya.

"Nyekundu ni nini, mama?" mkwe aliuliza kwa upole.

"Nyekundu ni rangi."

Ndipo akawatajia masharti yake. "Ufunguo sitoi. Kwenda siendi. Na hicho kiti kinachozunguka, cha kwenye kompyuta, nakikalia mimi."

"Kompyuta huijui," alisema Bosi Mdogo.

"Nimesoma mpaka darasa la saba. Herufi zilizomo humo zote tunafahamiana."

"Na nikikataa?"

Mama Vifungo akauchomoa uzi mmoja mwekundu, akaweka kucha kwenye fundo, akalifungua taratibu. "Hizi zilikuwa zipu za magauni ya harusi." Akahamia fundo la pili. "Nadhani."

Kucha zikaenda fundo la tatu. Mkwe akamgeukia Bosi Mdogo.

"Bosi, mfumo bila yeye siumalizi."

"Wewe ni mkwe wake, lazima useme hivyo."

"Mimi ni mkwe wake, ndiyo maana najua ataumaliza uzi huo na kuanza mwingine."

Bosi Mdogo akaliangalia lundo, akautazama mlango aliopitia fundi wa sare. Akakivuta kile kiti.

"Kaa, mama."

Akakaa, akakizungusha mara moja kukijaribu. Kwanza akayafunga tena yale mafundo mawili. Halafu akafundisha. Mafundo ni pakiti zinazobaki kabla ya kuagiza. Nyekundu, mzigo wake hukawia mwezi. Nyeupe, huja wiki ileile. Kitanzi mwishoni ni bidhaa ya kufunguliwa shule, izidishwe mara tatu. Mkwe aliandika mpaka vidole vikakakamaa, kila uzi na boksi lake.

"Na kitu kikikaribia kuisha, mashine iseme nini?" aliuliza mama.

"Kwa kawaida huandikwa, 'Kiwango cha chini kimefikiwa.'"

"Nani ataamshwa na maneno hayo?"

Ilipofika zamu ya neno la siri, alilibonyeza kwa kidole kimoja na kulifunika kwa kiganja cha pili. Mkwe akageukia ukutani bila kuambiwa.

Wiki iliyofuata, Bosi Mdogo yuko ofisini anapiga miayo, kioo cha kompyuta yake kikawaka chekundu: VYEUPE VYA MASHATI. MMELALA?

Akaenda stoo kuomba ufunguo akahakikishe kwa macho yake. Mama Vifungo alikuwa juu ya ngazi, mdomo umejaa pini. Hakujibu, na safari hii Bosi Mdogo hakudhani kitu.