Mfarishi Uliofumuliwa Mara Saba

Usiku wa jana niliota nafumuliwa, tena na wembe wangu mwenyewe.

Kabla sijafika huko, nijulikane kwanza. Mimi ni Mama Rukia wa Tanga, na mtaani kwetu hakuna anayenifikia kwa mshono. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Kazi ya mtu siiangalii kwa juu. Naigeuza, naangalia ndani, pale nyuzi zinapofungwa. Kwenye arobaini ya mjukuu wa Bi. Shemsa niliugeuza mfarishi aliomshonea mtoto, mbele ya wageni wote, nikasema, "Mh." Basi. Bi. Shemsa hajanisalimia vizuri mpaka leo.

Wa kwangu niliuanza Rukia, binti yangu, akiwa mjamzito. Vipande mia moja na arobaini na nne vya khanga na vitenge, pamba katikati, wa kujifunika, uwe tayari kwa arobaini ya mtoto. Mtoto huyo, Zaituni, sasa ana miaka sita na ameshang'oka jino. Mfarishi nimeufumua mara saba. Mara pembe hazikukutana, mara mshono umepinda.

Na leo asubuhi ndiyo wanahamia Makete, baba yake kapata kazi huko. Makete kuna baridi ya mtu kutoa moshi mdomoni. Jana jioni nikaona upindo umekwenda upande nusu inchi. Nikaufumua upindo wote.

"Mama Rukia," akasema Mzee Mhina, mume wangu, "mtoto ataondoka na shuka la kuazima."

Nikamwambia kazi mbovu haivuki mlango wangu. Nikalala na hasira zangu.

Ndio nikaota.

Niko jikoni nachagua mchele. Futi yangu ya kupimia inashuka kutoka msumarini na kupiga hodi, ingawa imo ndani tayari.

"Karibu," nasema.

"Tumeshakaribia," anasema Futi. "Tumekuja kukagua nyumba. Kisichonyooka kinafumuliwa. Sheria ni yako, sisi tunatekeleza tu."

Nyuma yake kasimama Wembe, kavaa koti la bwana afya, mkononi ana chaki ya bluu. Mkono kaupata wapi, sikuuliza.

Niseme kweli, nilifurahi. Nikasema moyoni, haya sasa, watu wanaojua kazi.

Wakaanza na ukuta. Umepinda. Futi akapima, Wembe akachora msalaba wa bluu, ukuta ukafumuka na kukunjwa vizuri pembeni. Mbuzi wa jirani akachungulia kuona kulikoni. Pembe zake hazilingani. Akafumuliwa.

Wakamfikia Mzee Mhina, kasimama anakunywa chai. Masharubu yamezidi upande wa kushoto.

"Jamani, mimi niko hivi tangu tunaoana," anasema.

"Ndiyo tatizo lenyewe," anasema Futi.

Akafumuliwa kuanzia begani. Kikombe kikabaki hewani kinafuka. Sikushtuka sana, nilijiambia nitamshona upya, na safari hii nimpunguze tumbo.

Kisha Futi akageuka, akanipima mimi.

"Sikio la kushoto limeshuka nusu inchi."

"Haiwezekani!"

"Wewe mwenyewe ulisema nusu inchi ni kosa."

Wembe akaanza kunifumua. Hauumi, mtu asikudanganye. Kilichoniuma ni kuona ndani yangu kuna pamba, tena ile ya mabaki, yenye mbegu. Aibu iliyonipata sina pa kuiweka.

Nataka kujifunika, tayari tuko ukumbini kwenye harusi. Mgeni rasmi ni Bi. Shemsa. Anakuja taratibu, ananishika bega, ananigeuza, anaangalia ndani mbele ya watu wote.

"Mh," anasema.

Nikatamani ardhi ipasuke. Ikapasuka, maana huko ukisema kitu kinatekelezwa.

Nikaangukia juu ya mfarishi wangu. Umekuwa mkubwa, unakwenda mpaka macho yanapoishia, na upindo hauna. Upepo wa Makete unavuma juu yake, meno yangu yanagongana. Kipande cha njano, kile cha khanga ya harusi ya Rukia, kinanisalimia.

"Shikamoo, Mama Rukia."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo, ila tumechoka. Mimi nina matundu mengi kuliko chujio la nazi. Tunataka mtu alale chini yetu, hatutaki kingine."

"Mna haraka gani?"

"Miaka sita," kinasema kipande.



Mara namwona Zaituni anakuja peku, kajitanda lile shuka la kuazima, anatetemeka. Mtoto wangu masikini. Kidole chake kidogo cha mguu wa kulia kimepanda juu ya mwenzake, kama kilivyo tangu anazaliwa. Futi akainama, akapima.

"Hakijanyooka."

Wembe akachora msalaba wa bluu juu ya kidole. "Afumuliwe."

"Thubutu!" nikasema.

"Ni sheria yako."

"Hicho si kosa. Hicho ni kidole cha mama yangu mzazi!"

"Kimepanda."

"Na kibaki huko huko kilikopanda!"

Nikalamba kidole gumba, nikaufuta ule msalaba. Ukagoma. Nikalamba tena, nikafuta, ukabaki wingu la bluu tu. Wembe anasogea. Roho ilinitoka, nikapiga ukelele kumwita Cherehani.

Akaja mbio kwa miguu yake minne, pedali inapiga makofi.

"Tunakwenda wapi?" anauliza.

"Popote!"

"Sijaambiwa neno hilo tangu nitoke dukani," anasema Cherehani, na akalia.

Tukashona. Hatukuweka pini wala chaki, na uzi ni wa kijani juu ya nguo ya waridi. Upindo unakwenda kushoto, unarudi, unazunguka, Zaituni anaukimbilia kwa mbele huku akicheka na pengo lake. Nami nacheka mpaka pamba inanitoka sikioni. Sikumbuki lini nilicheka nimeshika kitambaa. Nilikuwa na raha, jamani, raha ya kutoa machozi.

Futi kapima mpaka kajifunga fundo.

"Nianzie wapi kufumua?" Wembe anamuuliza. "Kote kumepinda."

"Basi kote kumelingana," anasema Cherehani.

"Mama Rukia! Gari linapakiwa!"

Nikafumbua macho. Mzee Mhina kasimama mlangoni, mzima, masharubu yamezidi kushoto. Nikamtazama kwa mapenzi mpaka akaingiwa na wasiwasi.

"Unaumwa?"

Nikakaa kwenye cherehani. Uzi uliomo ni wa kijani, wa kaptula za shule nilizokuwa nashona. Sikuubadilisha. Upindo nikaumaliza wanapakia godoro, umekwenda kama nyayo za kuku.

Rukia akaupokea, akaugeuza, akaangalia ndani. Nimemfundisha mwenyewe, nimlaumu nani?

"Mama, huku umepinda."

"Najua."

"Na uzi ni wa kijani."

"Macho ninayo, Rukia. Mpe mtoto."

Zaituni alikwisha kuingia ndani ya mfarishi wote, pua tu nje. "Unanukia bibi," akasema. Nikajifanya namtafuta kuku.

"Haya, mke mwenzangu, toka humo uvae viatu," nikamwambia. "Watakuacha, na mimi mume wangu siazimishi."

Akaketi kizingitini, mfarishi mabegani, akanyoosha mguu wa kulia ili avae soksi. Akasita.

"Bibi, nani kanipaka chaki?"

Juu ya kile kidole kilichompanda mwenzake kulikuwa na wingu la bluu, limefutwafutwa.

Nikakificha kidole gumba changu ndani ya khanga, Mzee Mhina asije akakiona.