Bahasha Namba Kumi na Saba

Kazi ya Sista katika utafiti ule hata mvivu angeiweza. Mgonjwa mpya wa saratani ya damu akikubali kushiriki, yeye huchukua bahasha inayofuata kabatini, anafungua, anasoma. Ndani mna karatasi moja tu: ama dawa za kuanzia za siku zote, yaani vidonge na dripu kali, ama mpya, vidonge vilevile na arseniki. Zipi bora, hakuna aliyejua. Ndiyo maana daktari alirudia kila Jumatatu mpaka akawachosha watu masikio, "Hatuchagui. Tukichagua, tunajidanganya."

Siku hiyo akaletwa fundi cherehani aliyemshonea Sista sare zote kwa miaka sita. Fizi zilimvuja damu, miguu ilikuwa na mabaka, lakini mdomo wake haukuwa umelazwa.

"Dada'angu, umenenepa! Nikitoka humu nakuachilia mishono ya kiunoni, usije ukapasukia wodini."

Sista alicheka mpaka kabatini, kisha akasita. Arseniki si ndiyo sumu ya panya? Akainua bahasha namba kumi na saba kwenye mwanga wa dirisha, na maandishi yakaonekana: arseniki. Namba kumi na nane ilikuwa na dawa za siku zote. Akabandua lebo za namba, akazibadilisha, akarudi wodini na uso mkavu.

Alhamisi akaja dereva wa lori, mgomvi, aliyeanza kutukana kitanda kabla hajakilalia. Sista hakumpenda hata kidogo, tuseme ukweli. Arseniki ikamwangukia yeye.

Dripu zilimmaliza fundi nguvu ya kupambana na vijidudu. Siku ya kumi na moja akashikwa na homa, na siku ya kumi na nne godoro lake likatolewa kufutwa kwa dawa.

"Yametokea," daktari alisema. "Si kosa la mtu."

Sista alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kugawa vidonge. Pengine fundi angekufa hata kwa arseniki. Hilo nalo hatalijua maisha yake yote, na lilimtafuna kuliko msiba wenyewe.

Miezi minane baadaye, dereva aliingia ofisini na mkewe, amenawiri, majibu ya uboho wake safi. Daktari alikuwa anajaza fomu yake ya mwisho, Sista amesimama kando.

"Mke wangu, huyu ndiye aliyenifungulia bahasha," dereva alisema. "Ana mkono wa heri, Mungu ambariki."

Sista alijishika kiunoni, pale sare ilipombana.

"Haikuwa yako," alisema.

Dereva akacheka, mkewe akacheka. Daktari aliweka kalamu chini.

"Funga mlango, Sista," alisema. "Ilikuwa ya nani?"