Matabishi ya Béata

Mtu akinunua sambaza, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Gisenyi hauchukui mfuko wake mara kopo linapomiminwa. Huuacha wazi, akautazama, akangoja. Muuzaji naye, hata kama ameamka na kisirani, huchota tena kwa kiganja na kumwaga juu yake. Hayo ndiyo matabishi. Hayapigiwi bei wala hayaandikwi popote, na asiyeyatoa haitwi muuzaji, huitwa mwizi aliyekaa kitako. Illuminée, mmoja wa wauzaji hao, aliyatoa tangu arudi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, akiwa msichana, na hakuna aliyemfundisha, maana hata huko alikotoka watu hawauzi bila hayo.

Kisha ikaja kodi mpya. Zamani muuza samaki alilipa ushuru wa soko na ada ya usafi, na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ilikuwa shida ya wenye maduka makubwa. Sasa zote zilikusanywa zikawa kodi moja ya mauzo, inayokatwa katika kila kopo, na kila kopo lilipaswa kuingizwa kwenye simu ili mnunuzi apewe risiti. Sokoni wakaiita Komatanya, yaani iliyounganishwa. Afisa mmoja kijana, Akaliza, alikuja kuwaeleza kwa upole sana. Aliwaambia wasiwe na hofu, kwani kodi hiyo hailipwi na muuzaji bali na mnunuzi, muuzaji anaipokea tu na kuipeleka. Wanawake walimsikiliza wakampigia makofi. Ubaya ni kwamba mnunuzi hakuwa kwenye mkutano.

Walipopandisha bei ya kopo, vita vikaanza. Mteja wa kwanza kuambiwa bei mpya alimtupia muuzaji Mukashyaka samaki usoni pamoja na kopo lake. Karangwa, dereva wa pikipiki aliyependa sambaza kuliko mke wake, alimvunja muuzaji mwingine kidole kwa kofia yake ngumu walipokuwa wakinyang'anyana mfuko. Wenye mikahawa wakapunguza ununuzi, na wanawake waliokuwa wakivusha mabeseni mpakani kwenda Goma wakaacha kuja. Illuminée alitukaniwa marehemu mama yake, akamng'ata mteja mkono. Naam, alimng'ata, na alama za meno zilionekana. Jioni samaki wabichi walikuwa wakimwagwa mtaroni wakinuka.

Ndipo kapita, yaani msimamizi wa safu ya samaki, mzee Sebahire, akawakusanya. Bei irudi ilivyokuwa, akasema, ila matabishi yafe. Kodi itatoka kwenye kile kiganja. Wote wakakubali wakaapa, lakini Illuminée alimjua binadamu, hivyo akasimama na kuongeza adhabu: atakayetoa matabishi, beseni lake limwagwe, apigwe, na kizimba chake apewe mwingine. Alikuwa na watoto watatu na hakuwa na mume, na kizimba kile ndicho kilichokuwa shamba lake. Hakuwa tayari kukipoteza kwa ajili ya ukarimu wa mtu mwingine. Wakampigia makofi kuliko walivyompigia Akaliza.

Béata, jirani yake wa kizimba, alipiga makofi pia. Huyu alikuwa mke wa mvuvi, mzaliwa wa ukingoni mwa ziwa, mwenye kicheko cha kusikika hadi kwenye safu ya viazi. Uchungu wa kumzaa Cyiza ulipomshika Illuminée palepale sokoni, Béata ndiye aliyeuza beseni la mwenzake mpaka samaki wa mwisho, kisha akampelekea pesa zake hospitali, na beseni lake mwenyewe likaharibika. Safu nzima iliwaita mapacha.

Wateja walinuna, lakini wakanunua. Kisha Illuminée akaanza kuona wateja wake wanampita. Beseni la Béata lilikuwa likikauka kabla ya adhuhuri, lake likibaki na nzi. Mwanzoni alidhani ni bahati tu. Baadaye akadhani amerogwa, akaenda kuombewa, akarudi, na nzi wakawa walewale. Akamaliza mtaji, akala ada ya shule ya watoto, na Sebahire akamwonya kwamba asiyeleta kodi hana kizimba.

Asubuhi moja aliacha kuangalia wateja, akaangalia mikono ya jirani yake. Mkono wa kuume wa Béata ulikuwa ukibonyeza simu. Wa kushoto ulikuwa umezama chini ya kitenge, kwenye kibakuli kilichofichwa mapajani, na ulipotoka ulitoka umejaa, ukaingia katika mfuko wa mteja, ukarudi kujificha. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilikuwa ndani ya nguo kabisa. Illuminée alisikia damu ikimpanda hadi masikioni. Akasimama na kopo lake mkononi, akauliza kwa sauti iliyosikika safu nzima:

"Béata, mukono yako iko inafanya nini chini ya kitenge?"

Béata hakukana. Pengine angekana, mambo yangekuwa mengine.

"Mama Cyiza, mi nilishindwa," alisema. "Mutu anasimama na mufuko wazi, ananiangalia. Mi siwezi kufunga mufuko ya mutu."

Hakuna neno ambalo lingemchoma Illuminée kuliko hilo, kwa sababu yeye alikuwa ameweza. Alikuwa amewafungia wajawazito na vikongwe mifuko yao, kila siku, huku roho ikimuuma, akijipa moyo kwamba wote wanafanya hivyo. Akamrukia. Makopo ya kupimia yalikuwa ya bati lililokatwa kwa mkasi, na ukingo wake ulikuwa mkali. Pigo la kwanza lilimpata Béata shavuni. La pili, ambalo angeweza kuliacha, lilimpata jichoni.

Safu ikafuata. Mukashyaka alimshika nywele akamburuta hadi chini, wengine wakampiga mateke ya mbavu na tumbo, na Sebahire akamcharaza fimbo mgongoni kama anayemfukuza mbuzi shambani. Beseni likapinduliwa. Samaki walipotapakaa kwenye sakafu, wateja wakaja mbio, walewale wa matabishi, na kwa kitambo kifupi Illuminée alidhani wanakuja kuamua ugomvi. Walikuja kuokota. Karangwa alijaza kofia yake ngumu. Mama mmoja alimkanyaga Béata vidole vya mkono wa kushoto, akamwomba radhi, akaendelea kuzoa.

Illuminée, Mungu amsamehe, aliona raha. Ilikuwa raha ya kweli, kama ya mwenye kiu aliyekunywa, na ilidumu mpaka Béata alipoinua uso.

Jicho halikuokoka. Polisi walipomuuliza kwenye kituo cha afya, Béata aliwaambia ameteleza mahali pa kuoshea samaki akaangukia ukingo wa beseni. Hakumtaja mtu. Kizimba chake akapewa Mutesi, mwanamke mkimya aliyekuwa akikisubiri kwa muda mrefu. Illuminée alinunua sabuni na sukari, akaenda mpaka kwenye ua wa kina Béata, akasikia mume wake akimbembeleza alie polepole asije akaumiza kidonda. Akarudi na sabuni yake. Hasira hasara, husema watu, lakini hasara nyingine huangukia kwa mwingine, na hiyo ndiyo nzito kubeba.

Jambo baya zaidi ni kwamba biashara ilinyooka. Hakuna aliyethubutu tena kutoa matabishi, wateja wakanunua wakisaga meno, na katika nyumba za Gisenyi mchuzi ukapungua kiganja kimoja, watoto wakaambiwa wale ugali zaidi. Kodi ililipwa kwa wakati. Ada ya shule ikalipwa. Watu walimpisha Illuminée njiani, naye akajichukia kwa kila aliyempisha.

Jumatano moja, soko likiwa limejaa, Béata akatokea. Alikuwa na bandeji nyeupe upande mmoja wa uso na mfuko mtupu mkononi. Wauzaji wakaacha kupima. Alimpita Mutesi aliyekuwa amekaa mahali pake bila kumtazama, akasimama mbele ya Illuminée. Illuminée akaanza kutafuta maneno ya pole, na machozi yakamtangulia.

"Mi sikukuya juu ya pole," Béata alisema. "Unipimie kopo moya."

Akampimia. Samaki wengine walidondoka kandokando. Akaingiza mauzo kwenye simu, risiti ikaenda, kodi ikakatwa, Béata akalipa kamili. Kisha Béata hakuuchukua mfuko. Aliuacha wazi, akautazama kwa lile jicho moja lililobaki, akangoja.

Illuminée alielewa. Aliona safu nzima imegeuka. Aliona Sebahire ameshika fimbo, hajasimama lakini hajakaa pia. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe: beseni, kipigo, kizimba. Akilini akamwona Cyiza amerudishwa nyumbani kutoka shuleni, na wadogo zake nyuma yake.

"Mama Gad," alinong'ona, akimwita Béata kwa jina la mwanawe, "banatuangalia."

"Mi nayua. Hata mi baliniangalia."

Hakukuwa na chuki katika sauti ile, na hilo ndilo lililomvunja. Illuminée akazamisha kiganja katika beseni, akakitoa kimejaa, akakimwaga mfukoni mbele ya macho ya wote. Hakuficha. Akachota tena, sasa kwa mikono miwili, na mara ya tatu, huku akilia kwa sauti.

Mutesi, yule mkimya, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele. Fimbo ya Sebahire ilimpata Illuminée shingoni, kopo la mtu likampasua paji la uso, na damu ikamwingia machoni akashindwa kuona anachochota. Aliendelea kuchota. Nyuma ya wauzaji, wateja walikuwa wanakuja mbio na mifuko wazi.

Béata akaufunga mfuko wake, akasogea pembeni, akawapisha.