Mkanda wa Kapita

Kavugho alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu: asiyevaa mkanda, hapati chakula. Shida ni kwamba mbishi wa kwanza alikuwa mume wake mwenyewe.

Jengo lilikuwa mtaa wa Makiso, ghorofa tatu, mali ya mfanyabiashara Papa Évariste. Hubert, mume wa Kavugho, ndiye aliyekuwa kapita, msimamizi wa mafundi. Kavugho ndiye mama malewa wao, akiwapikia lituma ya ndizi za kuponda na pondu, majani ya muhogo, chini ya turubai. Fundi Moïse alipoanguka kutoka jukwaa la mianzi, akabaki kulala kwa mama yake, mtaa wa Lubunga, na mguu uliokataa kunyooka, Kavugho hakumpa tajiri nafasi ya kupumua. Alimfuata dukani, akamfuata kanisani, hata matangani. Mwishowe mzee alichoka, akaleta mikanda ya kujifungia huko juu, kila mmoja na kamba na ndoano yake.

"Bon, mama," alisema. "Lakini kama inafika Jumamosi hawavai, narudisha yote kwenye duka."

Mafundi wakamtazama kapita. Kapita akaitundika mikanda stoo, akapanda hivyo hivyo. Nao wakapanda nyuma yake.

Jumamosi ikafika. Adhuhuri wakashuka, wakakaa. Katika kikundi hicho hakuna aliyegusa sahani kabla kapita hajameza tonge la kwanza, ndiyo adabu yao. Kavugho aliijua vizuri. Akawapakulia wote, lakini akamruka Hubert.

"Mama Jemima, yangu iko wapi?" akauliza Hubert, akimwita mkewe kwa jina la binti yao.

"Iko stoo, imetundikwa pamoja na mukanda yako."

Pondu ikaanza kupoa. Timothée, fundi mwenye mdomo kuliko wote, akakohoa.

"Kapita, hii lituma inaniangalia na huruma. Donc vaa tu kidogo, tukule."

"Mukanda ni ya batoto. Mimi nilikuwa napanda mbele wewe uzaliwe."

"Ni kweli, papa. Na Moïse pia alikuwa anapanda."

Hapo hakuna aliyecheka. Hubert akainuka, akaingia stoo, akakawia. Kavugho akamfuata.

Alimkuta amevuta pumzi mpaka macho yamemtoka, mkanda kiunoni, ncha zake mbili zimeachana upana wa kiganja. Mnunuzi alikuwa amepima viuno vya vijana.

"Usiniangalie," alisema Hubert. "Nilijaribu tangu siku ya kwanza, nikajificha. Haifungi. Unataka banicheke?"

Kumbe ndiyo hiyo. Kavugho alilitazama lile tumbo. Alimpokea Hubert akiwa mwembamba hata shangazi zake wakauliza kama ana minyoo, na tangu hapo alikuwa akimlisha mwiko kwa mwiko. Akaweka mkono juu ya tumbo hilo.

"Hii ni chantier yangu, mimi nilijenga. Nani atacheka chantier yangu?"

Hubert alitaka kutabasamu, akajizuia. "Nitaunga na waya."

"Waya itakatika."

"Alors napanda bila."

"Alors hupandi."

Kapita wa kukaa chini Hubert hakuwahi kumwona popote, wala hakupenda kuwa wa kwanza. Lakini mkono wa Kavugho ulikuwa bado tumboni pake, nao haukuondoka. Hubert akaikusanya mikanda yote begani, akatoka.

"Musikie," akawaambia. "Mukanda hainienei, nimenona. Mwenye kucheka acheke sasa amalize. Mimi nabaki chini mpaka yangu ikuje. Na bila mukanda, hakuna mwenye anapanda."

Walicheka, tena sana, Timothée mpaka akateleza kwenye tofali alilokalia. Kavugho akaleta sahani, imejaa kuliko zote. Hubert akamega tonge, akameza, na mikono yote ikaingia sahanini.

Alasiri Papa Évariste alikuja, amejiandaa kubeba mikanda yake. Akakuta mafundi wote juu, wamefungwa sawasawa, na kapita yuko kwenye rundo la mchanga, shingo nyuma, akifoka kwamba ukuta wa kushoto umelala.

"Na huyu anafanya nini chini?"

"Anangojea mukanda ya saizi yake, papa," alisema Kavugho. "Ya mutu mwenye bibi yake anajua kupika."

Mzee akamtazama Hubert, akajipapasa tumbo lake mwenyewe, lililokuwa kubwa zaidi.

"Nitaleta mbili," akasema. "Mimi pia nataka kuona ghorofa yangu."